Alama ya Mkaa Chini ya Mlingoti

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilipofuta kwa kiganja changu alama ya mkaa ambayo mke wangu aliichora chini ya mtumbwi. Ilikuwa alama ndogo, msalaba tu, na ilifutika upesi. Nilinawa mkono ziwani nikaendelea na kazi zangu. Tangu siku ile nimezika wazazi, nimeozesha mabinti, nimekosea mambo mengine mengi, lakini nikiulizwa ni lipi ninalolijutia kuliko yote, nalitaja hilo.

Sikukuzaa mimi, lakini umekuja kuniaga kwa sababu unaingia kwenye ndoa. Utapewa nasaha nyingi wiki hii. Utaambiwa uvumilie, usamehe, usilale na hasira, na yote ni kweli, yashike. Mimi sina maneno mazuri ya ukumbini. Nina habari ya mtumbwi mmoja, na nitakusimulia taratibu kwa sababu nikiharakishwa nasahau. Kaa vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ya soko huria. Nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nilidhani nitastaafu pale kama walivyostaafu wakubwa zangu. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, kiwanda chetu kikakosa pamba, na sisi tukapunguzwa. Nilirudi nyumbani Buhongwa na barua mfukoni na ovaroli begani. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mke mmoja na watoto watatu. Mwanaume akikaa nyumbani asubuhi, mwanangu, hata kuku wa jirani anaona kama wanamsema. Ndivyo nilivyokuwa. Nilinuna kutwa, nikimjibu mke wangu kwa mkato, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika ile barua.

Mke wangu jina lake Veronika, ila mimi nilimwita Mama Milembe kwa jina la binti yetu mkubwa. Kwetu ni Usagara, watu wa ng'ombe na mashamba. Ziwa nililijua kwa kulitazama. Yeye alizaliwa upande wa pili wa ghuba, Sengerema, na baba yake alikuwa na mtumbwi wa tanga. Maisha yake yote mzee yule alivusha mihogo na viazi kuja kuuza Mwanza. Alipougua ghafla akiwa huku, mtumbwi ulivutwa nchi kavu, ukapinduliwa, na haukurudi tena majini. Mzee alifariki. Miaka sita ukawa umelala kifudifudi mchangani.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba Milembe, twende tukautazame mtumbwi wa Baba."

Nikacheka. Nikamwambia dunia iko kwenye injini sasa, wavuvi wa sangara wanakwenda na kurudi mara mbili kabla tanga halijafunguliwa. Akasema, "Injini tunayo?" Tukaenda.

Tulikuta akina mama wameanika dagaa juu ya mgongo wake, mbuzi wanalala chini yake, na kuku mmoja ameatamia mayai ndani kabisa. Mwenye kuku alitukatalia katakata tusiupindue mpaka vifaranga vitoke. Basi mradi wetu mkubwa wa kuokoa maisha ukasubiri kuku. Mke wangu alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Kazi ilituchukua mwaka mzima na zaidi. Kila asubuhi, watoto wakishakwenda shule, tunateremka ziwani. Mimi nilikuwa najua pamba na yeye alikuwa anajua mbao. Pamba husokotwa kama kamba nyembamba, ikalowekwa mafuta, kisha ikagongelewa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Mimi nilisokota, maana pamba nilikuwa naijua kwa vidole. Yeye aligongelea. Alikuwa na masikio, mwanangu. Anapita anabisha mbao kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama mtu abishaye hodi, na kila aliposikia sauti imebadilika anasimama. Alifundishwa na baba yake. Fundi wa mitumbwi wa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapokaa, mzee Majura, mtu ambaye hamsifu mtu bure, alimwambia, "Wewe ungezaliwa mwanaume, ningekosa kazi."

Nilicheka pamoja na wenzangu. Lakini nitakuambia ukweli kwa sababu sasa sina cha kuficha: neno lile halikunifurahisha. Pale ziwani wanaume walikuwa wanapita wananitania, wananiita kibarua wa mkewe. Ulikuwa utani, na mimi mwenyewe nimewatania watu zaidi ya hapo. Ila mtu aliyepunguzwa kazini ana ngozi laini. Nilikuwa naupeleka utani ule nyumbani na kulala nao.

Mtumbwi ukishagongelewa pamba, kabla ya kuushusha ziwani hujaribiwa nchi kavu. Unauweka juu ya magogo, unaujaza maji kwa ndoo, na mwenzako anaingia chini kutazama ni wapi panapovuja. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Anayemimina hawezi kuona chini, na aliye chini hawezi kumimina. Watoto wa mwaloni walituzunguka wakishangaa, maana wao wamezoea mtumbwi uingie majini, na sisi tunaingiza maji mtumbwini. Mimi nilimimina. Mke wangu akalala chali chini ya mtumbwi na kipande cha mkaa mkononi, maji yakimdondokea usoni, na kila palipotoa jasho alipachora msalaba. Nilikuwa nasikia mkaa ukikwaruza mbao, na kila baada ya muda anasema, "Hapa." Kisha, "Na hapa."

Alama zote zilikuwa za kuongezea pamba, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa katikati, chini ya mahali mlingoti unapokalia. Alitoka chini ameloa, akanishika mkono akanipeleka kupaona.

"Huu ubao umeoza kwa ndani," akasema. "Pamba haitashika. Baba naye alikuwa anauogopa huu. Lazima ung'olewe, tuweke mwingine."

Kuung'oa maana yake ni kuondoa kile kigogo kinachobeba mlingoti, na mbavu mbili za mtumbwi, na mzee Majura alikuwa amekwenda Ukerewe kujenga mtumbwi wa mtu. Tungesubiri. Nikasema sawa, tusubiri. Na siku ile nilikuwa na nia hiyo kweli.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba mama yake amelazwa hospitali Sengerema. Mke wangu akafunga kanga zake, akavuka kwa kivuko kwenda kumuuguza. Wakati anaondoka alinikumbusha jambo moja tu: ule ubao. Mimi nikabaki na watoto na mtumbwi.

Wiki ya kwanza nilitulia. Ya pili nikaanza kuongezea pamba kwenye zile alama nyingine, na kila niliyoimaliza niliifuta, kama tulivyokuwa tunafanya. Ikabaki ile moja. Nilikuwa nikiingia chini ya mtumbwi, naikuta inanitazama. Mzee Majura hakurudi. Watu wakawa wanapita wananiuliza, "Vipi, bosi wako hajarudi ukashusha mtumbwi?" Ndipo ikaja barua ya mke wangu, imeletwa na abiria wa kivuko. Aliandika kwamba mama ameruhusiwa, anakuja kupumzika kwetu Buhongwa. Kivuko hakitaki. Anataka avushwe na mtumbwi wa mumewe, aukalie tena, walau mara moja. Mwisho wa barua ameuliza: *Ubao ulibadilishwa?*

Mwanangu, nilikuwa na majibu mawili ya kweli. Ningeweza kuandika, bado, mje na kivuko. Au ningeweza kuandika, bado, msubiri Majura. Nilichoandika ni hiki: *Ulibadilishwa. Kila kitu tayari. Nakuja mwenyewe.* Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Asubuhi iliyofuata nikaingia chini na pamba nyingi na mafuta, nikagongelea pale kwa nguvu zangu zote, nikapafuta. Kisha nikapaka mtumbwi mzima rangi ya buluu, nje na ndani. Ukapendeza. Watu walikuja kuutazama. Kaka yangu alitoka Usagara na baiskeli, akazunguka mara mbili, akasema, "Kumbe una mikono." Nilikuwa sijasikia neno kama hilo tangu nitoke kiwandani, na nitakuwa mwongo nikisema halikuniburudisha.

Kushika tanga nilikuwa nimejifunza mwaka ule kwenye mtumbwi wa jirani. Nilivuka ghuba peke yangu alfajiri, mtumbwi mtupu, upepo mwepesi, na pale chini ya mlingoti hapakutoa hata tone la kunitia wasiwasi. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa namwambia mke wangu, unaona sasa? Kila ubao unauona umeoza. Nilifika Kamanga, ng'ambo ya ghuba, nimeshashinda ubishi ambao hakuna aliyekuwa ananibishia.

Walikuwa wananisubiri ufukweni. Mama mkwe alikuwa amekonda sana, amekaa juu ya mzigo wake wa unga, kanga imemfunika mpaka usoni. Hapa lazima nikueleze jambo, kwa sababu ninyi vijana wa leo mnakumbatiana na wakwe zenu. Sisi tulikuwa tunamstahi mama mkwe mpaka kumkimbia. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamkai karibu, na ukiwa na neno unampitishia mkeo. Miaka kumi na moja nilikuwa mkwe wa mama yule na hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, na salamu yenyewe kwa mbali. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama natazama mchanga. Akaitikia marahaba akitazama ziwa. Kisha akaenda kuugusa mtumbwi kwa kiganja, akapita nao wote mpaka mbele, polepole. Alikuwa analia. Mke wangu naye alikuwa analia. Akanitazama, akasema, "Asante, Baba Milembe." Nikasema si kitu.

Wakatandika mkeka katikati, penye nafasi, karibu na mlingoti. Mama mkwe akakaa pale, amenipa mgongo. Mimi nyuma kwenye usukani. Mke wangu katikati yetu, kama ilivyo desturi.

Tulipotoka kwenye kivuli cha vilima upepo wa mchana ukatushika. Tanga likajaa. Mtumbwi ukaegemea, mlingoti ukalia, na mzigo ule wa watu watatu na unga na kuku wawili ulikuwa si mchezo wa asubuhi. Tulikuwa karibu katikati ya ghuba mama mkwe aliposema, kwa sauti ya kawaida, "Veronika, mwambie mwenzako mkeka umelowa."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema mkeka umelowa."

"Mwambie ni mawimbi," nikasema. "Yameruka."

Akageuka akamwambia mama yake, "Anasema ni mawimbi." Na mawimbi siku ile hayakuwa yanaruka, mwanangu. Kila mtu pale alikuwa na macho. Nililichukua neno la uongo nikaliweka kwenye kinywa cha mke wangu, akampelekea mama yake mgonjwa. Naona aibu kulisema mpaka leo.

Haukupita muda, mama mkwe akasema tena, "Veronika, miguu yangu iko majini."

Hapo mke wangu hakuniuliza. Akainama, akapitisha mkono chini ya mkeka, akawa anapapasa taratibu akifuata maji yanakotokea. Nilimtazama mkono wake ukienda. Nilijua unaelekea wapi. Ukafika. Akabisha kwa kifundo, mara moja, ko. Halafu akabaki ameinama vile, hageuki. Kisha akageuka akanitazama.

Ningefurahi angenitukana. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na ndugu yako, ukamkaribia, ukakuta siye.

Akasema, "Nipe usukani." Nikampa. "Nenda ukapashike."

Kupashika maana yake ni kwenda miguuni pa mama mkwe. Nilisita. Ndiyo, mwanangu, mtumbwi unajaa maji na mimi nafikiria desturi. Mke wangu akapaza sauti, "Nenda!" Nikatambaa. Mama wa watu alijaribu kuvuta miguu yake anipishe kwa heshima, lakini hapakuwa na pa kuipeleka. Nikaunyanyua mkeka. Ile pamba niliyoigongelea ilikuwa imetoka yote, inaelea. Ubao ulikuwa unapumua, kila mlingoti ukilia unafunguka. Nikavua shati nikalikandamiza pale kwa viganja viwili, nikiwa nimepiga magoti, uso wangu karibu na magoti ya mama mkwe wangu, na nikakaa hivyo. Mke wangu alipunguza tanga, akashika usukani kwa mkono mmoja na kwa mwingine anachota maji kwa sufuria.

Ni hapo mama mkwe aliponiita. Si kwa kumpitia binti yake. Alisema, "Baba Milembe."

Miaka kumi na moja. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, mama," wakati nilishamwamkia.

"Marahaba," akajibu, kwa upole. Kisha akasema, "Hospitali pale, Veronika alikuwa ananihesabia alama zote. Hii atakuwa ameiziba, na hii atakuwa ameiziba. Barua yako ilipofika alinisomea mara mbili. Akaniambia, ule ubao umetolewa, mama. Nikamshukuru Mungu, maana mume wangu alikuwa anauogopa."

Nilikuwa natazama maji.

"Mume wangu hakujua kusoma," akaendelea. "Alikuwa anamlaza huyu chini ya mtumbwi, mtoto mdogo hivi, na mkaa. Akichora, yeye anatengeneza. Hakumbishia hata siku moja, na alikuwa mtoto. Watu walikuwa wanamcheka, eti anaongozwa na kitoto cha kike. Alikufa kwa homa, kitandani. Ziwa halikumpata." Akapumua kwa shida. "Mwenzako akikuonyesha palipooza anataka ufike salama, baba. Wewe umefuta. Sasa akiona tena palipooza atamwonyesha nani?"

Akachukua ncha ya kanga yake akanifuta maji usoni. Yalikuwa ya ziwa na yasiyo ya ziwa.

Tulifika. Nakuambia mapema usije ukakaa na roho juu: hakuna aliyekufa. Watu walituona tumezama nusu, wakaingia majini kutuvuta. Mama mkwe alibebwa, akalala kwenye nyumba ndogo niliyomjengea uani, akaishi nasi miaka mitatu. Siku ile jioni nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama kwamba nilidanganya. Mwambie naomba msamaha." Akanijibu akiwa anapepeta mchele, "Mwambie mwenyewe. Mmeshaanza kuzungumza."

Nikaenda. Nikapiga magoti mlangoni, nikasema. Akanisamehe kabla sijamaliza. Kwa mke wangu nilisema pia, na yeye akaitikia, "Nimesikia." Basi. Na hapo nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Hakununa, hakununa hata kidogo. Alinipikia, aliniitikia vizuri, alicheka na watoto. Ila aliacha kuniambia mambo. Bati lilianza kuvuja juu ya kitanda chetu, nikarudi nikakuta kitanda kimehamishwa. Milembe alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare, nikaja kujua sare imeshashonwa. Alikuwa na jino linamuuma, nikamkuta amevimba shavu, nikauliza tangu lini, akasema, "Tangu juzi, si kitu." Kila nilichouliza alinijibu, lakini hakuna alichonionyesha. Swali la mama yake nikawa naliishi kila siku. Nyumba ilikuwa na amani na mimi nilikuwa nakosa usingizi.

Mzee Majura aliporudi tuliung'oa ule ubao. Aliutia kidole, kikazama kama kwenye ugali. Hakunigombeza. Alinipa nikaushika, akasema, "Tazama vizuri," akaenda zake kuvuta sigara. Tukaweka mwingine, nikasokota pamba mpya, nikaukwangua ile rangi ya buluu yote. Ikabaki kuujaribu.

Mke wangu hakuja. Sikumwita, maana niliona sina haki ya kumwita. Nikajaza maji peke yangu, ndoo baada ya ndoo, kisha nikakimbilia chini na mkaa kutazama. Nikifika chini, kila kitu kimelowa, sijui maji yameanzia wapi. Natoka, namwaga, naanza upya. Siku tatu nilifanya upumbavu huo, na mwalo mzima ukicheka. Yule mwenye kuku akanishauri niseme na mke wangu, kana kwamba mimi siwezi kuliona hilo. Nilikwishasema nawe kwamba utani ulikuwa unanichoma. Siku zile haukunichoma tena. Nilikuwa na maumivu makubwa kuliko utani.

Siku ya nne nilikuwa chini ya mtumbwi, nimelala chali, nikaona miguu yake imesimama mchangani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nikatoka. Watu walikuwepo, wanaume walewale. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu aliniambia ubao umeoza. Nilifuta alama yake, nikamwandikia kwamba nimeubadilisha. Karibu niwaue yeye na mama yake." Hakuna aliyecheka. Nikamnyooshea mkaa.

Alikaa muda mrefu anautazama ule mkaa. Mwishowe akaupokea, akajifunga kanga vizuri, akaingia chini. Nikachukua ndoo. Nilimimina nikiwa siwezi kuona vizuri ninapomimina. Nikasikia anabisha, ko, ko, ko. Kimya. Kisha mkaa ukakwaruza, na sauti yake ikatoka chini ya mbao: "Hapa."

Nililia kama mtoto, mwanangu. Neno moja tu la kunionyesha kosa, na sijawahi kupewa zawadi inayolifikia.

Mtumbwi ule ulitulisha miaka mingi, ukasomesha watoto, hadi ukazeeka kwa haki na tukaupasua kuni. Haujabaki hata msumari. Lakini nikuambie kilichobaki, halafu nikuache uende. Mwaka juzi, asubuhi, kabla hata hajaamka vizuri, Mama Milembe alinishika mkono akauweka ubavuni mwake, chini ya titi. Akasema, "Hapa." Aliniambia mimi kwanza, kabla ya daktari, kabla ya mabinti zake. Niliusikia uvimbe kwa vidole vyangu. Sikubisha, sikusema si kitu. Tulikwenda hospitali siku ileile, na tukaenda tena na tena, na kila mahali palipomuuma nilikuwa napajua. Mungu alimchukua mwezi wa nne mwaka huu. Hakuna siku hata moja ya ugonjwa ule aliyoibeba peke yake, na hilo ndilo linaloniwezesha kulala.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwenzako akikuonyesha palipooza, iwe kwenye paa, kwenye mwenendo wako, kwenye moyo wako, usipake rangi. Usimwambie umetengeneza wakati hujatengeneza. Kama huwezi leo, sema siwezi leo, mpande kivuko. Aibu ya kusema bado inapita jioni ileile. Na ukishafuta, maana wewe nawe ni mtu na utafuta, usingoje aje akusamehe ukiwa umekaa kivulini. Nenda ukamwage ndoo zako mbele ya watu mpaka akuone. Anayekuambia ukweli kuhusu mtumbwi wako yumo ndani yake pamoja nawe. Siku atakaponyamaza, mwanangu, hapo ndipo uogope.

Sasa sogea nikushike kichwa. Mungu wa baba zangu na wa mama yule aliyenifuta uso akuongoze. Akupe mwenzi atakayekuambia "hapa" bila woga, na akupe masikio ya kulipokea neno hilo. Akujalie watoto, akujalie upepo mwema, na mvukapo, yeyote kati yenu asifike peke yake. Nenda na amani.